Kifurushi Kinapochelewa Katika Debian: Namna ya Kutafuta Sababu na Kumsaidia Mtunzaji Wake

Debian ni mfumo endeshi huria wa kompyuta. Toleo lake la 13, lililotolewa tarehe 9 Agosti 2025, lilitoka likiwa na vifurushi 69,830 vya kusakinisha, na sehemu kubwa ya kazi ya kuvitunza hufanywa na watu wanaojitolea baada ya saa zao za ajira. Wanachama wenye haki kamili ya kupakia vifurushi katika hazina kuu ni takriban elfu moja duniani kote, na miongoni mwao wamo waliopunguza kasi kwa sababu ya malezi, ugonjwa, kazi mpya au uchovu tu. Si ajabu, basi, mtumiaji kukuta programu anayoitegemea imebaki matoleo mawili au matatu nyuma ya lile lililotangazwa na waandishi wake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujua kwa nini kifurushi fulani kimechelewa, kisha namna ya kufanya kazi itakayomwondolea mtunzaji mzigo, maana ombi la kusasisha lisiloambatana na kazi yoyote humwongezea barua moja zaidi ya kusoma. Maelezo haya yanawafaa pia watumiaji wa Ubuntu, ambao ni wengi Afrika Mashariki, kwa kuwa vifurushi vingi vya hazina yake ya universe huchukuliwa kutoka tawi la unstable la Debian (linalopokea matoleo mapya kwanza, kabla hayajapita testing na hatimaye kufika stable), na marekebisho yaliyofanyika huko huwafikia katika toleo linalofuata.

Je, kimechelewa kweli?

Tawi la stable halikukusudiwa kufuata matoleo mapya. Likishatolewa, namba za matoleo hubaki zilipo kwa takriban miaka miwili, na kinachoingia humo katika muda huo ni marekebisho ya usalama na ya hitilafu nzito. Kwa kawaida marekebisho hayo hayaletwi kwa kupandisha toleo. Mtunzaji huchukua kiraka (marekebisho madogo ya msimbo) kutoka toleo jipya akakipachika kwenye toleo la zamani, na dalili pekee inayoonekana kwa nje ni mkia wa namba, kama vile +deb12u3, unaoonyesha kwamba hayo ni masahihisho ya tatu yaliyofanywa kwa ajili ya Debian 12. Msimamizi wa seva anayesoma ripoti ya programu ya ukaguzi inayolinganisha namba za matoleo peke yake anaweza kuambiwa kwamba seva yake imejaa matundu, ilhali yote yalikwisha zibwa. Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, endesha amri ya apt policy ikifuatiwa na jina la kifurushi, soma apt changelog ya kifurushi hicho, kisha utafute namba ya CVE (utambulisho wa udhaifu wa usalama) inayokutia wasiwasi katika security-tracker.debian.org. Mara nyingi uchunguzi huishia hapo.

Ikiwa unachohitaji ni uwezo mpya wa programu na wala si usalama, angalia kama kifurushi kimo katika backports, hazina inayobeba matoleo ya tawi la testing yaliyojengwa upya kwa ajili ya stable. Kisipokuwemo, huko nako kunahitaji mtu wa kujitolea, na kazi yake huwa nyepesi kuliko kusasisha kifurushi tangu mwanzo, mradi toleo jipya limekwisha ingia testing.

Kalenda nayo ina usemi wake. Miezi ya mwisho kabla ya toleo jipya la Debian, milango hufungwa kwa hatua. Kwa Debian 13, mabadiliko makubwa ya maktaba za programu yalisimamishwa tarehe 15 Machi 2025, kufungia kwa awali kukaanza tarehe 15 Aprili, kufungia kwa nguvu tarehe 15 Mei, na kufungia kabisa tarehe 27 Julai, takriban wiki mbili kabla ya kutolewa. Programu iliyotoa toleo jipya mwezi Mei mwaka huo kwa kawaida isingeingia testing hata kama ingekuwa na watunzaji kumi. Kuwasumbua watu katika miezi hiyo kwa ajili ya matoleo mapya ni kuwaondoa kwenye kazi ya kurekebisha hitilafu zinazozuia toleo zima.

Kusoma ukurasa wa kifurushi

Ukishathibitisha kwamba kifurushi kimechelewa katika unstable au testing, fungua tracker.debian.org na uandike jina la kifurushi cha msimbo chanzo. Jina hilo linaweza kutofautiana na la kifurushi ulichosakinisha, kwa sababu msimbo chanzo mmoja huweza kuzaa vifurushi kadhaa. Amri ya apt show hulitaja katika mstari wa Source pale linapotofautiana. Ukurasa huo humwonyesha mtunzaji na wasaidizi wake, tarehe za upakiaji, hitilafu zilizoripotiwa, hali ya majaribio, na tangazo la toleo jipya pale mfumo unapolitambua kupitia faili la debian/watch. Faili hilo likiwa limeharibika, jambo linalotokea kila mara waandishi wa programu wanapohamisha tovuti yao, mfumo hukaa kimya na mtunzaji hapati taarifa kwamba kuna toleo jipya. Kulirekebisha ni kazi ya mistari michache isiyohitaji ruhusa ya mtu, na kwa maoni yangu hakuna mahali pazuri zaidi pa mgeni kuanzia.

Ukurasa huo pia hukuambia ucheleweshaji uko wapi. Toleo jipya likiwa limefika unstable lakini halijaingia testing, huenda mtunzaji amekwisha fanya sehemu yake na kizuizi kiko mbele zaidi. Kwa kawaida kifurushi husubiri siku chache kabla ya kuhamia testing, na katika muda huo lazima kijengeke kwa aina zote za prosesa zinazohudumiwa, ambazo kwa Debian 13 ni saba, kisiwe na hitilafu mpya ya kuzuia toleo, na kisivunje majaribio ya vifurushi vingine vinavyokitegemea. Sehemu inayoeleza uhamiaji hutaja kizuizi kwa jina. Ukikuta, kwa mfano, kwamba jaribio la kifurushi kingine ndilo linaloanguka, basi kifurushi hicho kingine ndicho kinachohitaji msaada wako.

Ikiwa toleo jipya limo katika foleni ya NEW, kuna jina jipya la kifurushi ambalo kundi dogo la wakaguzi wa Debian lazima likague, hasa leseni na hakimiliki za kila faili. Hapo huna la kufanya ila kusubiri. Foleni hiyo huweza kwenda upesi au ikachukua wiki nyingi, na barua za kuiharakisha hazijulikani kusaidia.

Kumtambua anayetunza

Kifurushi kinachotunzwa na timu, kama ile ya Python, ya Perl, ya Go au Debian Med, kinatofautiana sana na kile kilicho mikononi mwa mtu mmoja. Katika timu, mwanachama yeyote huweza kusasisha, na ucheleweshaji mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyekigusa tu. Kujiunga na timu na kuleta toleo lililo tayari huweza kumaliza jambo ndani ya siku chache. Kwa mtu mmoja, angalia upakiaji wake wa mwisho katika vifurushi vyake vyote, kwa sababu mtu anayefanya kazi kwingine huenda amekiacha hiki kwa makusudi. Wapo wanaoruka toleo fulani kwa kuwa lina tatizo la leseni au linahitaji maktaba ambayo bado haimo Debian, na kwa kawaida sababu hiyo imeandikwa katika mojawapo ya ripoti zilizo wazi katika bugs.debian.org. Zisome zote, hata zile za miaka iliyopita.

Mtunzaji akiandikwa kuwa ni Debian QA Group, kifurushi hakina mwenyewe tena. Debian huorodhesha hali hizi katika rejista iitwayo WNPP kwa vifupisho ambavyo inafaa kuvijua: O ni kifurushi kilichoachwa yatima, RFA ni mtunzaji anayetafuta mrithi, RFH ni mtunzaji anayeomba msaada huku akiendelea, na ITA ni mtu aliyekwisha jitokeza kukichukua. Huhitaji kuipitia rejista nzima. Sakinisha how-can-i-help, programu ndogo inayokuonyesha, kila unapotumia apt, ni vifurushi gani vilivyomo katika kompyuta yako vinavyohitaji mkono, au endesha wnpp-alert iliyomo katika devscripts. Mtu hutunza vizuri zaidi kifurushi anachokitumia mwenyewe kila siku, kwa sababu atakuwa wa kwanza kukiona kikiharibika.

Kuandaa toleo jipya

Usifanye kazi hii moja kwa moja katika mfumo wako wa stable. Tengeneza kontena au mashine pepe yenye unstable, kisha usakinishe humo zana za kuandaa, kujenga na kukagua vifurushi: devscripts, git-buildpackage, sbuild na lintian. Vifurushi vingi vinawekwa salsa.debian.org, seva ya git ya Debian, na amri ya gbp clone huvileta pamoja na historia yake. Visivyowekwa huko huletwa kwa apt source.

Ikiwa debian/watch inafanya kazi, gbp import-orig --uscan hupakua toleo jipya na kuliingiza. Kisha huja viraka vilivyomo katika debian/patches. Baadhi vitakuwa vimekubaliwa na waandishi wa programu, kwa hiyo vinaondolewa. Vingine havitapachikika tena kwa sababu msimbo umebadilika, na hivyo vinahitaji kuandikwa upya kwa uangalifu. Kiraka usichokielewa usikiondoe. Mwaka 2006 badiliko dogo lililofanywa Debian katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, lililokusudiwa kunyamazisha onyo la kifaa cha ukaguzi, liliondoa karibu data yote isiyotabirika iliyotumika kutengenezea funguo, na tatizo halikutangazwa hadi Mei 2008, wakati funguo nyingi dhaifu zilikwisha tengenezwa na kusambaa. Mtunzaji wa kifurushi hicho alikuwa ameuliza kwanza, lakini swali na jibu havikukutana vizuri. Andika maswali yako kwa ukamilifu, na ueleze ni mstari gani unaokusudia kuubadilisha na kwa nini.

Baada ya viraka, linganisha toleo la zamani na jipya. Pitia faili zilizoongezwa ukitafuta leseni mpya, kwa sababu debian/copyright lazima iseme kweli. Hapa ndipo wasaidizi wengi huchoka, na hapa ndipo mtunzaji hutumia muda mwingi kuliko pengine popote. Tazama kama programu inahitaji tegemezi mpya, na kama tegemezi hizo zimo Debian. Ikiwa ni maktaba, chunguza kama SONAME yake (jina lenye namba ambalo programu nyingine huitambulia) imebadilika; ikiwa imebadilika, kazi si kusasisha kifurushi kimoja tena, kwa sababu kila programu inayoitumia italazimika kujengwa upya, jina la kifurushi litabadilika na kupitia foleni ya NEW, na timu inayosimamia matoleo ya Debian itahitaji kukubali ratiba. Usianzishe jambo hilo peke yako.

Jenga kifurushi kwa sbuild ili kupata mazingira safi yasiyo na mabaki ya mfumo wako, kisha upitishe matokeo katika lintian na uendeshe autopkgtest (majaribio ya kifurushi kilichokwisha sakinishwa). Jenga pia angalau vifurushi vichache vinavyokitegemea, na uandike vilipita au vilianguka. Sakinisha toleo jipya juu ya la zamani na uitumie programu kwa shughuli halisi, maana hati za kusakinisha huweza kuharibu mipangilio ya mtumiaji hata pale majaribio yote yanapofaulu. Mwishowe andika debian/changelog kwa amri ya dch, ukitaja kila ulichobadilisha na namba za hitilafu zinazofungwa.

Nimeikalia hatua hii kwa muda mrefu kwa sababu watu wengi hudhani kwamba uhaba uko katika mikono ya kupakia. Kupakia ni amri moja. Kilicho adimu ni mtu aliyepitia leseni, akajaribu tegemezi, akaandika alichokiona, kiasi kwamba mtunzaji aliyechoka anaweza kukagua kazi hiyo jioni moja badala ya kuianza mwenyewe mwishoni mwa wiki.

Kuipeleka kazi

Kifurushi kikiwa salsa, fungua ombi la kuunganisha mabadiliko. Kisipokuwapo, ambatisha kiraka kwenye ripoti ya hitilafu inayoomba toleo jipya na uiwekee alama ya patch. Kama ripoti hiyo haipo, ifungue kwa reportbug katika daraja la wishlist. Maelezo yawe mafupi: umejenga wapi, umejaribu nini, kipi hukuweza kujaribu, na ni sehemu gani ungependa iangaliwe kwa makini. Gawanya mabadiliko ili toleo jipya, marekebisho ya viraka na usafi wa faili za debian vikae mbalimbali. Usibadilishe mtindo wa kifurushi kwa sababu tu wewe unapendelea mwingine.

Subiri wiki mbili au tatu, kisha ukumbushe kwa upole mara moja.

Kama kifurushi ni yatima, badilisha kichwa cha ripoti yake kutoka O kuwa ITA, jiandikishe kama mwenye nayo, na uandae upakiaji unaoweka jina lako kama mtunzaji. Kwa kuwa mgeni hana haki ya kupakia, utahitaji mdhamini: pandisha kifurushi katika mentors.debian.net na ufungue ripoti ya RFS (ombi la mdhamini) dhidi ya sponsorship-requests. Wadhamini nao ni wachache, na ombi huweza kukaa muda mrefu bila jibu. Timu inayohusika na lugha au fani ya programu hiyo hujibu upesi kuliko orodha ya jumla, kwa hiyo anzia huko.

Ukishadhaminiwa mara kadhaa unaweza kuomba hadhi ya Debian Maintainer, iliyoanzishwa kwa kura ya wanachama mwaka 2007, inayomruhusu mtu kupakia vifurushi alivyokubaliwa bila kumtafuta mdhamini kila mara. Itahitajika ufunguo wako wa OpenPGP utiwe sahihi na mwanachama wa Debian, jambo ambalo kwa desturi hufanyika ana kwa ana. Katika nchi zenye wanachama wachache hicho ni kikwazo cha kweli, na kinachangia uhaba huohuo unaolalamikiwa. Mkutano wa mwaka wa Debian ulipofanyika Cape Town mwaka 2016 ulisogeza fursa hiyo karibu na bara hili, lakini mtu hawezi kupanga utunzaji wa kifurushi kwa kungoja mkutano. Mjulishe mdhamini wako mapema kwamba unatafuta sahihi, ili akuarifu mwanachama anaposafiri kuja karibu nawe.

Mtunzaji asipojibu

Kunyamaza kwa mtunzaji si ruhusa ya kukichukua kifurushi chake. Debian ina njia mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni NMU, yaani upakiaji unaofanywa na asiye mtunzaji, na hiyo ni kwa ajili ya kurekebisha hitilafu mahususi kwa mabadiliko madogo iwezekanavyo. Kwa desturi huwekwa katika foleni ya DELAYED, inayochelewesha upakiaji kwa siku zilizotajwa, ili mtunzaji apate siku kadhaa za kupinga. Haifai kwa kubadilisha sura ya kifurushi, na kwa toleo jipya kabisa hutumika kwa nadra.

Ya pili ni kukiokoa kifurushi, na hufaa pale kinapokuwa kimepuuzwa kwa dalili zinazoonekana: hitilafu zisizojibiwa, NMU moja baada ya nyingine, matoleo mapya yaliyoombwa kwa muda mrefu bila upakiaji. Hufunguliwa ripoti yenye kichwa ITS (yaani nia ya kuokoa) na jina la kifurushi, nakala ikipelekwa kwa mtunzaji, ikieleza ushahidi na nia ya anayejitokeza. Mtunzaji hupewa siku 21 za kupinga, na pingamizi lake husimamisha jambo. Asipopinga, toleo huwekwa katika DELAYED kwa siku zisizopungua saba. Barua ya ITS iandikwe kwa heshima, kama ya mtu anayeomba kukabidhiwa, kwa sababu huenda anayeisoma amelazwa hospitalini au amefiwa.

Uharaka nao una hatari yake. Maktaba ya xz, inayotumika kubana data, ilikuwa na mtunzaji mmoja aliyechoka, na mwaka 2022 akaunti kadhaa zilimsonga hadharani ampe mtu mwingine nafasi. Msaidizi aliyejipatia imani kwa zaidi ya miaka miwili aliingiza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na katika rejista ya Debian ikafunguliwa ripoti iliyohimiza toleo la 5.6.1 lipakiwe. Andres Freund, mhandisi wa programu aliyeshangazwa na kuchelewa kwa takriban nusu sekunde wakati wa kuingia kwa ssh (njia salama ya kuingia katika kompyuta kwa mtandao) katika mfumo wake wa Debian unstable, ndiye aliyeutangaza mlango huo tarehe 29 Machi 2024. Tawi la stable halikuguswa. Kwa hiyo mtunzaji anayekuhoji, anayetaka kuona kazi yako kwa miezi kadhaa kabla ya kukupa haki yoyote, usimhesabu kuwa ni mkaidi. Mpe historia ya kazi inayosomeka, na ulinganishe mwenyewe msimbo uliomo katika faili la kupakua na ule uliomo katika hazina ya git ya waandishi, kwa kuwa sehemu muhimu ya mlango wa xz ilikuwa katika lile la kwanza tu.

Ukishakabidhiwa

Siku ya kwanza tu, weka kifurushi salsa chini ya timu badala ya akaunti yako binafsi, na utafute mtunzaji mwenza wa kuandikwa katika Uploaders, orodha ya watunzaji wenza wa kifurushi. Andika katika debian/README.source mambo yote uliyoyagundua kwa shida: kwa nini kiraka fulani kipo, jaribio lipi huanguka bila sababu, ni nani wa kumwuliza upande wa waandishi. Hitilafu ndogo ziwekee alama ya newcomer ili mgeni apate pa kuanzia, na uzijibu ndani ya siku chache hata kama jibu ni kwamba huna nafasi mwezi huu.

Hali ikikubana, fungua RFH mapema, wakati bado una nguvu ya kumfundisha atakayejitokeza. Ukijua kwamba utaondoka, fungua RFA. Ukikosa mrithi, kiache rasmi kwa O, ubadilishe jina la mtunzaji kuwa Debian QA Group katika upakiaji wako wa mwisho, na uhakikishe kwamba kila kilichokuwa katika kompyuta yako peke yake kimesukumwa salsa.